NYUMBA ZA MAWE ZA LAMU: URITHI UNAOKALIWA

Na Mwanafunzi, Kidato cha Tatu

Ukimwuliza mwanafunzi yeyote wa shule yetu utamaduni ni kitu gani, atakutajia ngoma, mavazi, vyakula na lugha. Labda ataongeza methali mbili tatu alizozikariri kwa ajili ya insha. Ni nadra sana umsikie akitaja ukuta. Lakini katika makala haya nataka kueleza vile ujenzi wa nyumba unavyoweza kuhifadhi mila za watu kwa mamia ya miaka, na pia vile ukuta unavyoweza kubaki umesimama wima ilhali mila zenyewe zimeshatoka mlangoni zikaenda zao.

Mfano nitakaoutumia ni mji wa Lamu. Nimeuchagua kwa sababu mbili. Kwanza, Lamu ndio mji wa Waswahili uliohifadhika vizuri kuliko yote katika Afrika ya Mashariki, na watu wameishi humo bila kukatika kwa zaidi ya miaka 700. Serikali ya Kenya iliutangaza mji wa kale wa Lamu kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1986, na mwaka 2001 shirika la UNESCO likautia katika orodha ya urithi wa dunia. Pili, bibi yangu mzaa mama anaishi huko katika mtaa wa Mkomani. Kwa hivyo baadhi ya haya nimeyaona kwa macho yangu, na mengine nimeyapata kwa kumchosha yeye na maswali.

Hebu basi tupige hodi tuingie katika nyumba moja ya mawe ya karne ya 18, maanake nyingi za zile nzuri ni za wakati huo.

Kabla hujaufikia mlango wa kuchonga unakutana na daka. Daka ni ukumbi mdogo wa nje wenye baraza za mawe kulia na kushoto. Hapo ndipo mwenye nyumba anapozungumza na wapita njia, anapokunywa kahawa na anapomalizana na mtu aliyekuja kwa shughuli ya haraka. Si kila mgeni lazima aingie ndani, na wala hakuna anayevunjiwa heshima kwa kuachwa barazani. Ukishavuka mlango unaingia tekani, ambayo ni nafasi ndogo iliyopinda. Kupinda huko si kosa la fundi. Kumewekwa makusudi, ili hata mlango ukiwa wazi kabisa, mtu wa njiani asiweze kuona yanayotendeka ndani. Wazee wanaita sitara.

Kutoka tekani unatokea kiwanda. (Mwenzangu mmoja aliposikia neno hili alidhani Lamu wanatengeneza sabuni majumbani! Kiwanda hapa ni ua wa ndani ulio wazi juu.) Kiwanda ndicho mapafu ya nyumba. Hewa ya moto hupanda na kutoka hapo juu, na hewa baridi ya vichochoro huvutwa ndani. Kuta nazo zina unene wa nusu mita na zaidi, kwa hivyo jua la mchana huchukua saa nyingi kuzipasha. Sisi tunaosoma chini ya mabati saa nane mchana tunaelewa maana ya jambo hilo bila kufundishwa na mwalimu wa Fizikia. Kando ya kiwanda kuna sabule, yaani chumba cha mgeni wa kiume. Mgeni analala, anakula na kuondoka bila kuwabughudhi wanawake wa nyumba.

Halafu sasa ndipo nyumba inapoanza kusema. Mbele ya kiwanda kuna msana wa chini, nyuma yake msana wa juu, nyuma yake tena chumba kinachoitwa ndani, na mwisho kabisa nyumba ya kati. Vyumba hivi vimepangwa kimoja nyuma ya kingine, na unavyozidi kwenda sakafu huzidi kuinuka kidogo. Mgeni anajua mwenyewe miguu yake inapotakiwa kusimama. Kadiri unavyopanda ndivyo unavyoingia katika mambo ya faragha zaidi ya watu wenye nyumba. Katika ndani ndimo mlimowekwa zidaka, yaani vishubaka vilivyopangwa safu juu ya safu ukutani na kunakshiwa kwa lipu ya chokaa. Humo ziliwekwa sahani na bakuli za kauri kutoka Uchina, na misahafu. Kuna wanaosema zidaka zilikuwa pambo tu na wengine husema vyombo vile vilikuwa kinga ya husuda. Mimi naona hakuna haja ya kuchagua.

Nyumba ya kati ni chumba chenye giza kuliko vyote. Wengi wakiingia huuliza kwa nini hakuna dirisha. Ni kwa sababu humo ndimo mama alimojifungulia na ndimo maiti alimooshewa. Mwanadamu aliingia duniani na kuagwa katika chumba kimoja, katikati ya watu wake, mbali na macho ya njia. Nilipoelezwa hivyo na bibi niliacha kuuliza habari za madirisha.

Utaona basi kwamba adabu ya Waswahili wa Lamu imejengwa kwa mawe. Mtoto aliyelelewa katika nyumba kama hiyo haambiwi kila siku usimchungulie mgeni, usipite mbele ya wakubwa. Nyumba inamfundisha. Hata vile vikio vinavyovuka juu ya vichochoro, ambavyo Lamu huitwa wikio, vilikuwa na kazi hiyo. Ni chumba kilichojengwa juu ya njia kuunganisha nyumba mbili za jamaa, ili wanawake waweze kutembeleana bila kushuka chini. Aidha, ilikuwa desturi mzazi kumpa binti yake nyumba anapoolewa. Nafasi ya chini ikiisha, nyumba iliongezwa ghorofa. Ndiyo sababu ukiangalia nyumba za Mkomani unaweza kuhesabu mabinti!

Nisije nikaonekana nimelewa sifa, sharti niseme na upande wa pili. Katika nyumba za ghorofa, chini ilikuwa ni ghala na makao ya watumwa, na waungwana walikaa juu. Wao ndio waliobeba mawe, na wao ndio waliochoma chokaa. Ukienda kutalii na usiambiwe habari hiyo, umeonyeshwa nusu ya nyumba. Isitoshe, nyumba za udongo na makuti za mtaa wa Langoni, upande wa kusini wa mji, nazo ni ujenzi na nazo zina mila zake, ila hazipigwi picha sana. Urithi wa jamii usiwe ni urithi wa matajiri wake peke yao.

Sasa tuje katika ufundi wenyewe, kwa sababu hapa ndipo palipo na kiini cha makala haya.

Nyumba ya Lamu imejengwa kwa vitu vinne: mawe ya matumbawe, chokaa, boriti za mikoko, na mbao. Mawe ya kuta huchimbwa nchi kavu, hasa katika kisiwa cha Manda kilicho mkabala na Lamu. Yale laini ya kuchonga nakshi yalikatwa baharini yakiwa bado mabichi, kwani yakikauka huwa magumu. Siku hizi kuyakata hayo ni kuharibu makao ya samaki. Chokaa hupatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya rundo kubwa la magogo, kisha hutiwa maji na kuachwa majuma mengi, hata miezi, ipoe na kulainika. Fundi mwenye haraka hawezi kazi hii.

Boriti ndizo zilizoamua umbo la nyumba nzima. Mti wa mkoko unaofaa kubeba dari nzito ya mawe na chokaa hauzidi sana mita 3. Kwa hivyo chumba cha Kiswahili kinaweza kuwa kirefu upendavyo lakini upana wake ni huo tu. Mtu asidhani wazee walipenda kubanana. Walijenga kwa kadiri ya mti wao. Wakataji wa mikoko wana majina ya kila unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Mwanafunzi anayetafuta msamiati wa kuandikia insha ana hazina hapo, badala ya kurudia "mandhari ya kupendeza" kila mwaka. Juu ya boriti hupangwa vibao vya mawe, halafu kifusi na chokaa, kisha sakafu yote hupigwa kwa vijiti mpaka ishikane. Zamani kazi hii ilifanywa na watu wengi pamoja, kwa nyimbo.

Waama, nyumba ya namna hii haiwezi kukaa bila kuhudumiwa. Mvua ikipata ufa kwenye paa huteremka mpaka kwenye ncha za boriti zilizomo ukutani. Ncha zikioza, dari huanguka. Methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta sisi huifanyia mazoezi darasani kama mafumbo, lakini Lamu ni maelezo ya kazi. Na ufa wenyewe hauzibwi kwa kitu chochote tu. Siku hizi watu hukimbilia saruji kwa sababu iko kila duka na hukauka upesi. Saruji ni ngumu na haipitishi unyevu. Ukuta wa matumbawe huvuta unyevu kutoka ardhini na kuupumua kupitia chokaa. Ukiufunika kwa saruji unyevu hunaswa ndani pamoja na chumvi, lipu hubanduka vipande vipande, na jiwe hulika kwa ndani huku nje panang'aa. Bibi husema, "Ukuta nao wavuta pumzi, mwanangu. Mwausonga roho." Mimi nilidhani ni maneno ya wazee, kumbe ndiyo sayansi yenyewe.

Sheria ipo. Huwezi kubomoa wala kugeuza nyumba ya mji wa kale bila idhini, na ofisi ya Makumbusho ya Taifa iliyoko Lamu ndiyo inayoangalia hayo. Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya mwaka 2006 inalinda hata milango: mlango au fremu iliyochongwa kabla ya mwaka 1946 ni kitu cha kulindwa, si cha kung'olewa na kupakiwa melini. Makumbusho wamehifadhi nyumba moja ya karne ya 18 iwe mfano wa kutembelewa, na Ngome ya Lamu, iliyojengwa kati ya 1813 na 1821 na kutumiwa kama jela mpaka 1984, sasa ni mahali pa maonyesho na mikutano. Vilevile wako wataalamu waliopima na kuchora. Usam Ghaidan, mwalimu wa usanifu majengo katika Chuo Kikuu cha Nairobi, alitoa kitabu chake juu ya mji wa Lamu mwaka 1975, na mwaka 1986 Francesco Siravo na Ann Pulver wakaandika mpango wa kuuhifadhi. Kazi hizo zimesaidia sana.

Lakini je, sheria inaweza kulinda nini? Inaweza kulinda sura ya ukuta. Haiwezi kumlazimisha mtu akae barazani.

Niende Uganda kidogo, maana kuna tukio la huko linaloeleza hoja yangu kuliko ninavyoweza mimi. Makaburi ya Kasubi jijini Kampala, walimozikwa makabaka wanne wa Buganda, yalitiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka ule ule wa Lamu, 2001. Nyumba yake kuu, Muzibu Azaala Mpanga, ilijengwa mwaka 1882 kwa miti, matete na nyasi, na ndani ya paa lake mna pete 52 kwa ajili ya koo 52 za Baganda. Tarehe 16 Machi 2010 ikashika moto na kuteketea. Kama urithi ungekuwa ni zile nyasi, basi ungekwisha usiku ule. Lakini ukoo wa Ngeye, ambao tangu zamani ndio wenye kazi ya kuezeka, ulikuwa bado upo na ujuzi wake, pamoja na miiko ya nani anaruhusiwa kufika pale kazi inapoendelea. Ilichukua miaka mingi na maneno hayakukosekana, lakini nyumba ilijengwa tena, na mwaka 2023 UNESCO ikaiondoa Kasubi katika orodha ya urithi ulio hatarini. Kilichowaokoa ni mikono iliyokuwa ikijua kazi.

Linganisha na Beit al-Ajaib ya Unguja, jumba la mwaka 1883 lililojengwa na Sultani Barghash. Lilikuwa la mawe, kubwa, mashuhuri, na liko ndani ya Mji Mkongwe ambao nao ni urithi wa dunia. Tarehe 25 Desemba 2020, matengenezo yakiwa yanaendelea, sehemu yake iliporomoka na watu wawili wakafa. Sifa za jengo hazikulishikilia.

Kwa hiyo nikiulizwa Lamu inahitaji nini kwanza, sitasema vibao vya "hifadhi ya taifa". Nitasema mafundi na wakaaji.

Mafundi wa chokaa wanazeeka. Kijana akiona mwenzake anaendesha bodaboda na kurudi na pesa jioni, kwa nini angoje chokaa ipoe miezi mitatu? Pia vifaa ni taabu. Mwaka 2018 serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti nchini, wakataji wa mikoko wa Lamu nao wakafungiwa riziki. Sipingi kulinda mikoko, kwani ndiyo inayolinda pwani na mazalio ya samaki. Ila yule anayekata mti uliokomaa akaacha michanga iendelee, na yule anayefyeka kwa makaa, si mtu mmoja. Mila ya kujenga ilikuwa na kipimo chake, ndiyo maana mikoko ya Lamu ilikatwa kwa karne nyingi na ingali ipo.

Kuhusu wakaaji, jambo hili limeingia hata katika ukoo wetu. Nyumba anayokaa bibi iliachwa na babake. Warithi, ukihesabu na watoto wa marehemu, sasa wamefika kumi na saba. Wengine tuko Mombasa, wengine Nairobi, na wawili wako Oman. Paa linavuja upande wa msana wa juu. Kila mmoja anamngojea mwenzake atoe pesa, na anayetoa anaogopa kutengeneza mali ya watu kumi na sita. Ametokea mnunuzi kutoka ng'ambo na bei yake si mchezo. Mjomba wangu mmoja anataka nyumba iuzwe, na sababu zake si za kijinga: ana watoto watatu wanaodaiwa karo, na nyumba ikianguka hakuna atakayepata kitu. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: "Na mimi mtaniosha wapi?"

Nyumba nyingi za Lamu na za kijiji cha Shela zimekwenda kwa njia hii. Lazima tuwe wakweli: baadhi ya wageni hao wamezitengeneza vizuri ajabu, kwa chokaa halisi, na wamewapa mafundi kazi wakati ambapo wenyeji hawakuwa na uwezo. Bila wao kuna nyumba ambazo leo zingekuwa vifusi. Lakini nyingine hufunguliwa wiki chache kwa mwaka. Daka ni safi, baraza imepakwa rangi nyeupe pe, na hakuna anayeikalia. Nyumba ya kati imegeuzwa stoo ya mizigo. Ukuta umepona, jirani hakuna. Mtoto wa mtaa huo atajifunza wapi maana ya tekani?

Tena ni lugha inayopotea pamoja na nyumba, na hapo chama chetu kinahusika moja kwa moja. Nilipowauliza wenzangu darasani maana ya maneno daka, tekani, sabule, wikio na zidaka, waliojua hata mawili hawakujaza dawati moja. Hatuwezi kununua nyumba. Hatuwezi hata kununua gunia la chokaa. Lakini tunaweza kupima na kuandika, kama wale wataalamu niliowataja walivyofanya, na wala si lazima mtu awe wa Lamu. Hapa Mombasa tuna Mji wa Kale wenye roshani na baraza zake. Mwenzetu Mjaluo anaweza kutueleza katika dala nyumba ya mke mkubwa hukaa wapi na simba ya mwana hujengwa upande gani wa lango. Mkikuyu atueleze thingira. Kila boma lina tekani yake, hata kama haiitwi hivyo.

Napendekeza hivi. Likizo ya Desemba kila mwanachama achague nyumba moja ya zamani, ya ukoo wake au ya jirani aliyekubali. Achore vyumba vyake kwenye karatasi ya hesabu, apime kwa utepe au hata kwa hatua, kisha aketi na mzee wa nyumba hiyo na aandike jina la kila sehemu kwa lugha ya pale, inafanyiwa nini, na nani haruhusiwi kuingia. Asisahau kuuliza nani aliyeijenga na kama kuna fundi aliye hai anayeweza kuitengeneza. Jina la fundi huyo liandikwe juu kabisa ya karatasi, kama atakubali. Karatasi zote zipelekwe kwa mlezi wa chama juma la kwanza tukifungua shule. Yangu nimeshaianza. Nimebakisha kupima nyumba ya kati, kwa sababu bibi amesema huko sitaingia na utepe mpaka yeye mwenyewe awepo aushike upande wa pili.